Redmine kwa timu ndogo ya programu: tathmini baada ya miaka minne

Timu yetu ya watengenezaji programu wanane hapa Dar es Salaam imekuwa ikisimamia kazi zake kwa Redmine, programu ya kufuatilia kazi za miradi, kwa miaka minne sasa, na sehemu kubwa ya kazi hizo ni mifumo ya vyama vya akiba na mikopo. Kabla ya hapo maombi ya wateja yalitufikia kwa simu, kwa barua pepe na katika makundi ya WhatsApp, na kila mtu alibaki na kipande chake cha kumbukumbu. Mteja mmoja alipotaka kujua kwa nini riba ya mkopo uliolipwa kabla ya muda inakokotolewa kwa namna fulani, tulipoteza siku mbili tukitafuta nani alikubaliana na nani, hadi tukabaini kwamba uamuzi ule ulikuwa katika simu ya mwenzetu aliyekwisha kuacha kazi. Kwa hiyo ninaipima Redmine kwa swali hili: je, sababu ya kila badiliko inatunzwa mahali ambapo mtu atakayekuja baadaye ataikuta?

Redmine ni programu huria iliyoanzishwa na Jean-Philippe Lang mwaka 2006. Imeandikwa kwa Ruby on Rails, mfumo wa kutengenezea programu za wavuti, na hutolewa kwa leseni huria ya GPL toleo la 2, kwa hiyo hakuna ada ya kila mwezi inayopanda kila unapoajiri mtu. Utakacholipia ni seva, umeme wake na saa za anayeitunza. Sisi tuliiweka kwenye kompyuta ya ofisini, na hifadhidata yake ni PostgreSQL. Mei 2024, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilipokatika na mawasiliano nchini yakazorota, sisi tuliendelea kufungua na kujibu tiketi zetu, yaani kumbukumbu za kazi, kupitia mtandao wa ndani.

Kila kazi katika Redmine ni tiketi yenye namba, na kwa kawaida tiketi hukabidhiwa mtu mmoja, huku wengine wakiandikishwa kuwa wafuatiliaji. Ninaupenda ukali huo, kwa sababu kazi iliyokabidhiwa watu watatu mara nyingi haina mwenyewe. Tiketi zinaweza kufungamanishwa: ukieleza kwamba moja inaizuia nyingine, iliyozuiwa haitafungika mpaka kizuizi kimalizwe, na ukieleza kwamba moja inaitangulia nyingine, tarehe ya inayofuata husogezwa yenyewe pale ile ya kwanza inapochelewa. Msimamizi pia huamua ni wadhifa gani unaoruhusiwa kuihamisha tiketi kutoka hali moja hadi nyingine. Kwetu aliyeandika msimbo anaweza kusema tiketi imetatuliwa, lakini ni mjaribu pekee anayeweza kuifunga. Kanuni hiyo tulikuwa nayo kwa maneno tangu zamani na ilivunjwa kila tulipobanwa na muda. Sasa chaguo lenyewe la kuifunga halionekani kwa asiyehusika, na mabishano yamekwisha.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, iko katika kuunganisha tiketi na hazina ya Git, mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Mtu anapohifadhi badiliko la msimbo na kutaja namba ya tiketi katika ujumbe wake, badiliko hilo huonekana chini ya tiketi husika pamoja na kiungo cha mistari iliyoongezwa na iliyoondolewa. Maneno yanayotambuliwa na Redmine yanaweza kubadilishwa katika mipangilio, nasi tumeyaweka kwa Kiswahili: anayeandika “inahusu #318” anaunganisha tu, na anayeandika “imetatua #318” anaipeleka tiketi katika hali inayofuata bila kufungua kivinjari. Mwaka jana kijana mgeni katika timu alikuta mstari wa ajabu katika hesabu ya faini za ucheleweshaji na akataka kuufuta. Git ilimwonyesha ujumbe wenye namba, namba ikamfikisha kwenye tiketi, na ndani ya tiketi akaikuta barua ya mteja inayoeleza uamuzi wa mkutano mkuu wa chama. Mstari ukabaki, na hakuhitaji kumpigia simu mtu yeyote.

Anayetaka kufika hapo ajue mapema kwamba Redmine haisomi hazina ya Git iliyo kwenye seva ya mbali. Inahitaji nakala iliyo kwenye mashine yake yenyewe, nasi tumepanga amri inayoisasisha nakala hiyo kila baada ya dakika chache. Aidha, Redmine huonyesha mabadiliko ya msimbo lakini haina utaratibu kamili wa kuyapitia na kuyaidhinisha kabla hayajaunganishwa, hivyo mapitio hayo tunayafanya kwingine na kubandika kiungo katika tiketi.

Kuna ukurasa wa mpango wa matoleo, ambao huweka tiketi chini ya toleo linalolengwa na kuonyesha kiasi kilichokamilika. Tunafanya kazi kwa vipindi vya wiki mbili, na kila Jumatatu tunakaa mbele ya ukurasa huo kwa nusu saa. Tiketi isiyomalizika huhamishiwa toleo linalofuata ikiwa na maelezo ya sababu, na wateja wetu wawili walioruhusiwa kuingia huyasoma wenyewe. Chati ya Gantt, inayochora kazi kwenye mstari wa muda, ipo pia, ila sisi huifungua tu pale mteja anapoitaka kwa ajili ya taarifa yake.

Upungufu unaoonekana upesi ni sura. Vijana waliozoea Trello, ambako kadi huburutwa kutoka safu moja hadi nyingine, huiona Redmine kuwa jedwali refu lisilo na uhai, na ni kweli kwamba haiji na ubao wa namna hiyo. Programu-jalizi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na watu wengine, za kuuongeza zipo, lakini kila programu-jalizi ni ahadi ya mtu mwingine. Tuliipenda mojawapo, mtengenezaji wake akaacha kuisasisha, nasi tukakwama katika toleo la zamani la Redmine kwa miezi minane kwa kuogopa kuvunja ubao tuliokwisha uzoea. Hatimaye tuliiondoa na sasa tunatumia orodha zilizochujwa na kuhifadhiwa, ambazo hazivutii macho lakini hazijatuangusha.

Jambo jingine ni kumbukumbu ya muda. Redmine hulinganisha saa zilizokadiriwa na zilizotumika, na takwimu hizo zimetusaidia sana kupanga bei za kazi mpya. Zilipotumiwa kwa miezi miwili kuwalinganisha watu, hata hivyo, saa zote zilianza kufanana na makadirio na hazikutufaa kwa lolote. Nilisikitika kwa sababu agizo lile nililitoa mimi, na imani ya wenzangu kuhusu saa zile ilichukua muda mrefu kurudi.

Timu ya watu watatu wanaokaa meza moja haihitaji mzigo huu. Ubao wa kawaida utawatosha. Timu isiyo na mtu anayeweza kutunza seva ya Linux ni afadhali ilipie huduma iliyo tayari. Lakini wenye mikataba ya miaka mingi, wateja wanaouliza maswali ya mwaka juzi na watu wanaoingia na kutoka kazini, nawashauri waijaribu kwa mradi mmoja, wakianza na hali nne tu za tiketi. Wapunguze pia taarifa za barua pepe tangu siku ya kwanza, kwani zikizidi hakuna atakayezisoma.

Watakaoiweka kwenye seva yao wenyewe wakumbuke kwamba chelezo (nakala ya akiba) ya hifadhidata peke yake haitoshi, kwa sababu viambatisho vya tiketi hukaa katika folda yake pembeni. Sisi tulikuwa tukiisahau folda hiyo kwa mwaka mzima, tukiamini kwamba tuko salama, hadi siku tulipojaribu kurejesha kila kitu kwenye mashine nyingine: tiketi zote zilifunguka, na barua za wateja zote hazikuwepo. Siku hizi jaribio hilo la kurejesha hufanyika kila baada ya miezi mitatu, nalo lina tiketi yake yenye namba na mwenyewe.