Miche ya maua ya kunukia kutoka kitalu cha barabarani Mbeya: uzoefu wangu

Kama unachotafuta ni harufu, usinunue mwaridi ambao hujaona ua lake. Mingi inayouzwa ni jamii ya maua ya kukata, yaliyozalishwa ili yakae siku nyingi kwenye chombo: rangi safi, ukinusa hakuna kitu. Kwenye kitalu nilikonunua waliniacha ninuse mmoja mmoja bila kununa, na mwekundu wenye harufu nzito kuliko yote ulikuwa umesukumwa nyuma kabisa. Nenda asubuhi jua likishaanza kupasha. Mchana mkali harufu hupungua.

Ukishachagua, shika shina na ulivute taratibu. Mche wenye mizizi huinuka na kiriba chake (mfuko wa plastiki ulimooteshwa). Mche ukilegea kwenye udongo, hicho ni kijiti kilichochomekwa juzi, kinaishi kwa akiba ya shina na kitanyauka ukikihamisha. Baadhi ya miwaridi yangu ilikuwa hivyo, wakanibadilishia papo hapo. Asumini yote ilikuwa imeshika vizuri.

Asumini ndiyo inayotaka akili hapa kwetu, maana Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na baridi ya Juni na Julai haina huruma. Ipande upande wa kaskazini wa nyumba, karibu na ukuta. Miezi hiyo jua linapita kaskazini, kwa hiyo ukuta unapata joto mchana kutwa na kulitoa usiku, na upepo wa kusini haufiki. Ukiiweka upande wa kusini itapukutisha majani na kudumaa.

Shimo liwe sentimita 45 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza. Ingiza mkono kwenye samadi: ikiwa bado ina joto, itaunguza mizizi. Usizidishe, hasa samadi ya kuku, utapata majani mengi na maua machache. Panda mvua za Novemba zikishakolea. Maua yakiisha, punguza matawi kwa theluthi moja, kwa sababu asumini huchanua kwenye machipukizi mapya.

Mwaridi mwagilia kwenye shina asubuhi, si juu ya majani. Majani yanayolala na maji hupata madoa meusi kisha hupukutika. Vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu) wakijaa kwenye vikonyo, changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, nyunyiza jioni.

Kitalu nakipa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya mlangilangi: wanaunadi bila kumwambia mteja kwamba ni mti wa joto la Pwani, na baridi ya hapa inaunguza ncha zake kabla haujatoa hata ua moja.