Programu ya matamshi imeniumbua kwa neno moja

Naanza na nyota tatu, tuone nitaishia wapi.

Niliipakua kwa sababu ya wasilisho la kemia lililonikabili kwa Kiingereza. Ndani yake kulikuwa na kile kiashiria kisicho na rangi kwenye asidi, kinachogeuka waridi kwenye besi. Kiingereza hukiandika phenolphthalein. Hebu itazame hiyo phth: herufi nne zimebanana na hakuna irabu hata moja ya kuziachanisha. Sisi tuliozoea ki-ta-bu, me-za, tunaanzia wapi?

Programu ikanikatia phe-nol-phtha-lein. Sawa, hata kamusi hulikata hivyo. Lakini mkato huo ni wa mwandishi aliyeishiwa nafasi mwisho wa mstari, si wa mdomo. Yenyewe ikausoma kama ilivyouona: “fenoli-pi-thala-ini”. Nikakariri siku mbili, nikienda nalo hadi bafuni.

Siku ya siku, nimelitamka kwa kifua mbele, mwenyekiti akanikatiza: “Samahani ndugu, ni fi-nol-THA-lin.” Silabi nne, mkazo kwenye ya tatu, na ile ph ya pili wengi huimeza kabisa. Wengine husema THEI, nayo ni sahihi. Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, la kufanya lingine sikuwa nalo.

Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa adabu zote. Jibu: “Ndugu mteja, huenda tatizo ni lafudhi yako.”

Lafudhi yangu! Sauti ambayo neno linaitaka pale katikati ni th ya thelathini na themanini. Nimeitamka tangu nijue kuhesabu! Nikaishika simu, nikalitamka sawasawa kwenye maikrofoni yao: alama nyekundu, “jaribu tena”. Nikalitamka kwa makosa yao wenyewe: kijani, na makofi juu.

Basi nyota moja, na hiyo ni kwa kuwa sifuri haichaguliki.

Ila nisiwe mwongo. Mitochondria ilinifundisha vizuri: ch ni k, mkazo uko kwenye kon, na kile kitufe cha kupunguza kasi kilinisaidia kweli. Photosynthesis pia, niliacha kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kwa mazoea yetu. Kwa hiyo mbili. Sijaifuta bado. Jana nimeipa diphtheria, yenye phth ileile, na imeanza tena na “pi-the...” Nimeizima kabla haijamaliza. Moja.