Digrii ya masafa, ya jioni au ya kukaa chuoni: ununue ipi ukiwa Mwanza?

Dirisha la udahili likifunguliwa tu, hapa dukani Igoma watu huacha kuuliza bei ya bati wakaanza kuniuliza habari za digrii. Wanajua yangu niliisoma kwa masafa, papa hapa nyuma ya kaunta. Swali lao la kwanza huwa ada. Mimi nawarudishia jingine: kwa wiki una saa ngapi ambazo hakuna mtu atakugongea mlango?

Kabla ya kupanga namba, kuna watu wasiohitaji mwongozo huu. Umemaliza kidato cha sita juzi, huna mke wala duka? Nenda ukakae chuoni, upange geto Malimbe karibu na SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) au popote utakapopangiwa, usome na wenzako. Udaktari na uuguzi nao hauna mjadala. Kushona jeraha hakufundishwi kwa simu, ndiyo maana CUHAS, chuo kikuu cha afya, ipo Bugando, pale pale hospitalini. Wengine wote, wenye kazi na watoto, naanza nao hapa.

Namba 1: Masomo ya jioni, kama unalala mjini

Najua nitashangaza, maana mimi mwenyewe sikusoma hivyo. Lakini mwaka wa kwanza nilipata sapu (mitihani ya marudio) mbili, na kosa lilikuwa langu. Noti za takwimu nilizificha chini ya daftari la madeni. Mteja akiingia nafunika, akitoka nafunua, na ukurasa ni uleule tangu Jumatatu. Darasa la jioni lingenitoa dukani. Mhadhiri akikuona umesinzia anakuita jina, na kundi la diskasheni linakudai sehemu yako ya asaimenti. Uliza kwenye matawi ya vyuo vya biashara na fedha yaliyopo mjini kozi ipi ina kipindi cha jioni, kisha, kabla hujalipa, panda siku moja daladala ya saa hiyo hiyo. Ukitoka Igoma kwenda Nyegezi jioni, foleni nayo ni somo.

Hata mtu wa Sengerema sasa anaweza kulifikiria hili. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hapangiwi tena ratiba na kivuko.

Namba 2: Chuo Kikuu Huria

Kama unaishi Ukerewe, au kazi yako ni ya zamu, hii inapanda kuwa namba 1. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 mahsusi kwa watu wa namna hii, na kina kituo cha mkoa hapa Mwanza. Unasoma kwa mwendo wako na kulipa kwa kadiri ya masomo unayochukua. Bei ya kweli ni nidhamu. Hakuna wa kukuamsha, na bando likiisha usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, hilo ni lako.

Watu wengi husahau vitendo. Ukisomea ualimu, utahitaji wiki kadhaa za mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo zungumza na bosi wako kabla ya kujisajili. Ukichukua sheria na unataka uwakili, digrii peke yake haitoshi, bado kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), Dar es Salaam. Weka nauli na chumba cha huko kwenye hesabu yako leo.

Namba 3: Kutwa, kwa kuacha kazi

Ni kwa mwenye ruhusa ya masomo na mshahara unaoendelea. Usiache kazi kwa kutegemea bumu, yaani hela ya mkopo wa masomo, wakati bado hujaliona jina lako kwenye orodha ya HESLB, Bodi ya Mikopo.

Namba 4: Chuo cha nje, kwa mtandao

Sikatai, vipo vizuri. Ila ada ni kwa dola, na cheti cha nje hupelekwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kitambuliwe ndipo kikusaidie serikalini. Andikia TCU kwanza, lipa baadaye. Anayekuahidi digrii ya kwanza ndani ya miezi sita, mkatie simu.

Kwa vyuo vya ndani, angalia mambo mawili kwenye mwongozo wa udahili wa TCU: chuo kimo, na kozi yenyewe imo? Usiridhike na jina la chuo pekee. Kisha uliza mtihani unafanyikia wapi. Masomo yanaweza kuwa ya mtandaoni, mtihani ukawa wa kukaa kitini.

Shemeji yangu wa Nansio, Ukerewe, anasoma kwa masafa, na siku ya mtihani haimkuti kisiwani. Anapanda meli jana yake na begi la vitabu na sato wawili wa wenyeji wake, analala kwetu. Muhula mmoja alikawia, ziwa likachafuka, akaufikia ukumbi mtihani umeshakusanywa.