Keki Iliyovuka kwa Pantoni: Uzoefu Wangu wa Kuagiza Chakula cha Siku ya Kuzaliwa

Tarehe 15 Februari 2025 nilitimiza miaka 50. Nimefundisha Kiswahili katika shule ya msingi huku Kigamboni kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda huo wote nimewakatia keki wanangu watatu na kualikwa kwenye sherehe za watoto wa wenzangu, lakini yangu mwenyewe sikuwahi kufanyiwa. Safari hii wanangu wawili wakubwa, ambao tayari wana kazi zao, walikaa na baba yao wakakubaliana kwamba mama asiguse sufuria siku hiyo. Ndipo tukamtafuta mtu wa kutupikia chakula cha wageni 40 pamoja na keki, tukampata dada mmoja anayefanya shughuli hiyo upande wa Kariakoo. Jina la biashara yake sitalitaja, kwa kuwa kosa nitakalolieleza alilibeba mwenyewe bila kusukumwa.

Nilipompigia simu alianza na "Shikamoo, mwalimu", kwani kijana wangu alikuwa ameshamweleza mimi ni nani, na nakiri kwamba salamu hiyo ilinilainisha kabla hatujaingia kwenye bei. Chakula alikihesabu kwa sahani, shilingi 12,000 kila moja, na keki kwa kilo, shilingi 35,000. Nasi tulitaka ya kilo 4. Jumla ikawa shilingi 620,000 pamoja na usafiri, nusu ikilipwa kama kianzio na nusu nyingine chakula kikishafika. Hakuongeza hata senti baadaye, jambo ambalo kwa wapishi wa shughuli si la kawaida. Aliniuliza pia, kabla sijamwambia, kama kuna wageni Waislamu, akanihakikishia kwamba nyama na kuku vyote vitakuwa vimechinjwa kwa utaratibu wao. Swali hilo lilikuwa la msingi, maana nusu ya majirani zangu ni Waislamu, na sote tulikuwa tumeichagua Jumamosi ile tukijua kwamba Ramadhani na Kwaresima zote mbili zingeanza wiki ya kwanza ya Machi.

Wageni tuliwaalika saa kumi alasiri. Saa tisa na nusu kirikuu chenye hotipoti kilikuwa kimeshaegeshwa mlangoni, kimepitia Daraja la Nyerere, na wahudumu wawili wakaanza kupanga meza chini ya turubai. Pilau la nyama ya ng'ombe lilikuwa limechambuka vizuri, iliki na mdalasini vikisikika bila kuzidi, kuku wa kukaanga hawakukauka, na kachumbari ilikatwa pale pale nyumbani ili isichuje maji njiani. Waliofika walikuwa 47 badala ya 40, kama ilivyo desturi ya mtaa, na bado kila mmoja alipata finyango mbili za nyama. Wahudumu walianza na wazee bila kuelekezwa. Aliyelalamika ni mama mkwe wangu peke yake, ambaye kwake pilau lisilo na ukoko ni kazi iliyokatishwa njiani. Nilijaribu kumweleza kwamba ukoko umebaki Kariakoo na sufuria yake, asinielewe.

Tatizo lilikuwa keki. Mapambo yake yalichelewa kukamilika, hivyo haikupanda kirikuu, ikaletwa nyuma kwa bajaji, na dereva wa bajaji, kwa kukwepa mzunguko wa darajani, akaamua kuvuka na pantoni. Anayeishi Kigamboni anaijua foleni ya Magogoni siku ya Jumamosi jioni, na anajua pia joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari linavyoifanya krimu. Tulingoja mpaka saa kumi na moja na robo. Walimu wenzangu, waliochoka kukaa bila kazi, walichukua ndoo wakanimwagia maji kabla ya wakati wake, kwa hiyo keki ilipoingia ilinikuta nimeshavua gauni nililoshonewa kwa ajili ya siku hiyo na nimejifunga kanga mbili za kuazima. Picha zote za kukata keki ziko hivyo.

Krimu ilikuwa imelegea upande mmoja, lakini hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni maandishi: "Heri ya siku yakuzaliwa, Mwalimu". Neno "yakuzaliwa" limeunganishwa, kosa lile lile ninalolizungushia kalamu nyekundu kila wiki katika madaftari ya darasa la sita, kwa kuwa "ya" husimama peke yake na "kuzaliwa" peke yake. Miongoni mwa wageni walikuwapo wazazi kadhaa wa wanafunzi wangu, niliowaomba mapema wasije na zawadi, kwa sababu zawadi ya mzazi kwa mwalimu wa mwanawe huzua maneno. Wao ndio walioliona kosa kwanza, wakacheka mpaka machozi. Hata jina la kanga niliyojifunga lilikuwa limeandikwa kwa usahihi kuliko keki yangu. Mwanangu wa mwisho alichukua kisu akapenyeza nafasi kati ya "ya" na "ku", nami nikampa alama zote.

Ladha, lakini, ilinifunga mdomo. Ndani ilikuwa laini, ina siagi ya kutosha na harufu ya maganda ya chungwa, na sukari yake ilikuwa ya kadiri, kiasi kwamba mume wangu, ambaye huwa anakula keki kwa heshima tu, alirudi mara ya pili. Nilipowalisha wanangu mmoja mmoja, kisha nao wakanilisha, hapakuwa na aliyekumbuka foleni ya pantoni.

Asubuhi ya Jumapili dada yule alipiga simu mwenyewe kabla sijamtumia picha, akaomba radhi kwa uchelewaji, na nilipomtajia maandishi alinyamaza kidogo kisha akauliza kosa liko wapi. Nikamfundisha. Alinirudishia shilingi 30,000 kwa simu siku hiyo hiyo. Kwa upande wangu nami nina sehemu ya lawama: maneno ya keki nilimtamkia kwa mdomo tu, na "ya kuzaliwa" ikitamkwa haraka haionyeshi nafasi.

Chakula chake ningekilipia tena kwa bei ile ile. Desemba mwanangu wa mwisho anapata kipaimara, na nimeshamwagiza keki ya kilo 3. Maneno nimeyaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, nikaipiga picha na kumtumia, na tumekubaliana kwamba keki itapanda gari moja na hotipoti, ipitie darajani.