Betri yangu mwenyewe kwenye draw.io

Kazi yangu ni kufunga sola, na mteja wa siku hizi hatosheki na maelezo ya mdomo, anataka mchoro. Alama za umeme zimejaa tele draw.io, programu ya kuchorea michoro, lakini betri ya kawaida ni alama tu, volti na Ah (ampea-saa, yaani ujazo wa betri) unaziandika pembeni kwa mkono, betri hadi betri. Nikaona nijitengenezee yangu.

Kuchora umbo lenyewe si kazi ya kutisha. Unaingia Arrange, Insert, halafu Shape, kinafunguka kisanduku cha XML, yaani maandishi ya msimbo yanayoeleza umbo. Unataja upana na urefu, unapitisha mistari kwa namba za x na y, unabonyeza Preview kuona imekaaje. Yangu nimeipa sehemu mbili tu za kushikia waya, chanya na hasi, kwa hiyo ukihamisha betri, waya unaifuata pale pale. Rangi usiiandike humo ndani: ukiiandika umeifunga, ukiiacha utaibadilisha wakati wowote kwenye paneli ya kulia.

Utamu uko kwenye data. Chagua umbo, bonyeza Ctrl+M, ongeza sifa: volti 12, ah 200. Weka tiki kwenye Placeholders, kisha kwenye lebo andika %volti%V %ah%Ah. Inasomeka 12V 200Ah papo hapo. Betri ya pili ikiwa ya 100Ah, nanakili umbo na kugusa namba moja, basi. Tena sifa isipopatikana kwenye umbo, lebo inaitafuta kwenye kundi lililolibeba, hadi kwenye ukurasa. Ndiyo maana jina la mteja naliweka kwenye data ya ukurasa, na kichwa cha mchoro kinalichukua huko.

Isichofanya draw.io ni hesabu. Ukipanga betri nne za 12V kwa mfululizo, 48V utaiandika mwenyewe. Anayetaka fomula ndani ya umbo aende Visio, programu ya michoro ya Microsoft, kwenye jedwali lake la ShapeSheet, ila ajiandae kulipa. Pia umbo likishatua kwenye mchoro ni nakala. Ukirekebisha lile ulilohifadhi kwenye maktaba yako ya maumbo, michoro ya zamani haiguswi. Kwangu hiyo ni heri, maana mchoro niliokwisha kumkabidhi mteja sitaki ubadilike kimyakimya.

Ni bure, na toleo la kompyuta linafanya kazi hata bando likiisha. Maktaba yangu sasa ina inveta, chaji kontrola na sakiti breka, zote kwenye faili moja ninalowarushia vijana wangu WhatsApp.