Mbudya kabla masika haijaingia, nendeni sasa hivi

Wadau, najua joto la Dar limewachosha na kila mtu anaiombea mvua ianze, ila subirini kwanza. Hizi wiki mbili tatu za mwisho kabla ya masika ndo muda mzuri kuliko wote wa kwenda kisiwa cha Mbudya. Nimeshaenda misimu tofauti, Desemba watu wamejaa mpaka kivuli unagombania, Julai kusi linavuma boti inaruka mpaka unamkumbuka Mungu wako. Sasa hivi kaskazi imeshachoka, kusi bado halijaja, wavuvi wa Kunduchi wanakwambia ni maleleji, bahari imetulia tuli na maji unaona mpaka chini. Masika ikishaanza, kawaida kuanzia katikati ya Machi, mito ya huku kwetu, Mbezi, Tegeta mpaka Mpiji, inamwaga matope na taka zetu zote baharini, hapo hata uende utaogelea kwenye chai ya maziwa.

Kufika sio kazi. Panda gari la Tegeta, shuka Mtongani, chukua boda mpaka Kunduchi ufukweni, boti zipo kwenye mahoteli ya pale na kwa wavuvi pia. Kiingilio cha hifadhi unalipa mbali na nauli ya boti, maana Mbudya ni hifadhi ya bahari toka 1975 pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni kwahiyo beba kitambulisho, na risiti udai.

Sasa boti, hapa ndo nina kinyongo. Hao tuliopanda nao, jina siwataji, walituambia saa tatu kamili, tukakaa kwenye jua mpaka inakaribia saa tano wanasubiri wajae. Laifu jaketi zipo ila yangu kifungo kimekatika, wameifunga na kamba ya manila, yaani hapo ukizama unaanza kufungua mafundo. Kurudi tulikubaliana saa kumi na moja, simu inaita haipokelewi, wamekuja jua linazama na wala hawana habari. Ushauri wangu, lipa nusu, nusu nyingine mkishashuka salama Kunduchi, na jaketi likague kabla mguu haujaingia majini.

Kingine angalia mwezi kabla hujapanga siku, usicheke, hii ni muhimu kuliko hata nauli. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, na kwa Dar siku za bamvua maji yanakuwa yamekupwa kabisa mida ya saa nne asubuhi halafu yanajaa mida ya saa kumi jioni. Maana yake asubuhi boti haisogei, unaifuata huko mbali unakanyaga majani ya bahari na deli la soda kichwani, ila alasiri maji yamepanda vizuri na kuogelea ni raha tupu. Wenye watoto wadogo au wasiojua kuogelea chagueni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo hauna nguvu sana.

Msosi sasa. Wanakuletea beseni uchague mwenyewe, changu, tasi, pweza, ukiwa na bahati kamba kochi. Mimi nilichukua changu, jicho bado linang'aa, jamaa akaanzia elfu 40 tukaishia 30 pamoja na chipsi na kachumbari. Anamchanja mistari mitatu kila upande, anasindilia kitunguu saumu, chumvi na pilipili mbuzi kwenye ile mistari, anamlaza kwenye mkaa, halafu kila akimgeuza anamkamulia ndimu, ile harufu ikipita vibanda vyote vinageuka kuangalia. Ngozi ilikauka ikawa inavunjika, ndani maji maji bado. Chipsi zilikuwa zimelegea, hazina hadhi ya yule samaki. Agiza ukishuka tu kwenye boti ndo ukaogelee, vinginevyo utasubiri na njaa yako.

Ukibeba miwani ya kuzamia utaona samaki wa rangi kibao, japo kuna sehemu matumbawe yamevunjika vipande vipande, baruti za wavuvi wa zamani hizo, inauma kuangalia. Vaa raba, kuna wale viumbe weusi wa chini ya bahari wenye miiba mirefu na hawana utani. Vibanda vya makuti na mivinje vinatoa kivuli cha kutosha, choo hapana, choo ni cha kuingia umeziba pua. Halafu nyie wa spika kubwa, kisiwa kizima hakijaomba kusikiliza singeli yenu toka asubuhi, punguzeni.

Nyota nne, na hiyo moja boti na choo wagawane. Nendeni katikati ya wiki kama kazi inaruhusu, Jumapili ni vurugu. Siku moja kabla cheki utabiri wa TMA, wale Mamlaka ya Hali ya Hewa, maana mvua za kwanza zinakujaga na upepo, wakitoa tahadhari ya mawimbi makubwa ghairi bila kubishana na nahodha, mihogo ya Coco Beach ipo haikimbii.