Nyaya za intakomu zilizofungwa tayari: waya mzuri, athi mbovu

Hii ni seti ya nyaya za dashibodi kwa wanaojenga ndege zao wenyewe, imeshafungwa yote: redio, intakomu, jeki nne za hedseti, na waya za kuzimia magneto (kifaa kinachotoa cheche za plagi za injini). Yangu imeingia kwenye RV-7, ndege ndogo ya kujijengea, bodi ya alumini, injini ya Lycoming. Waya wenyewe sina neno nao. Ni Tefzel (waya wa ndege unaohimili joto) wa unene wa 22 AWG, pini zimebanwa kwa koleo lake hasa, ukivuta hazichomoki. Kwa hilo peke yake ningetoa nyota nne.

Sasa washa injini uvae hedseti. Mluzi! Ukiongeza mizunguko unapanda, ukipunguza unashuka, na ukibonyeza kitufe cha kuongea hata waongozaji wa mnarani wanausikia. Nikapiga simu dukani. Fundi wao hakuuliza swali hata moja. "Hiyo alteneta yako, nunua filta." Akataja bei, akakata simu.

Filta ya nini? Fungua jeki uone: neti ya shildi (wavu wa chuma unaozunguka waya kuzuia kelele) imelehemiwa kwenye mwili wa jeki, na upande wa pili imeungwa kwenye athi ya intakomu, yaani njia ya umeme kurudi. Tena neti hiyo ndiyo waliyoigeuza njia ya kurudishia sauti, ili kubana waya mmoja. Jeki ni za chuma, zinakazwa moja kwa moja kwenye dashibodi ya alumini, na kwenye pakiti hakuna washa ya faiba (kipete kisichopitisha umeme, cha kutenga jeki na dashibodi) hata moja. Basi una athi mbili kwa sauti ileile. Umeme wa alteneta nao unarudi kupitia bodi: amperi 30 kwenye ukinzani wa miliomu 1 tu zinaacha tofauti ya milivolti 30 kati ya dashibodi na ukuta wa injini. Tofauti hiyo, pamoja na mawimbi yote ya alteneta, inaingia moja kwa moja kwenye maikrofoni. Filta inakaa kwenye waya wa chanya. Njia hii haiigusi kabisa.

Kuhakikisha hakuhitaji duka. Zima umeme, chomoa plagi ya intakomu na hedseti, pima kwa multimita kati ya mwili wa jeki na bodi ya ndege. Isipopitisha umeme, salama. Ikisoma sifuri, mluzi wako ndipo unapoingilia.

Dawa ni kuondoa waya wa maikrofoni na kupitisha wenye nyuzi tatu ndani ya shildi: ncha ya jeki ni kitufe cha kuongea, pete ni sauti ya maikrofoni, mwili ni athi, na athi hiyo iende kwa uzi wake mpaka intakomu. Spika za masikioni nazo zipate uzi wao wa kurudi. Shildi iunganishe upande wa intakomu tu, mkia wake uwe mfupi, chini ya sentimita 3. Upande wa jeki ikate, ifunike kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kisha panua matundu ya dashibodi na uweke washa mbili za faiba kila jeki, moja yenye bega na moja bapa. Zote nane. Ila kebo ya antena usiifanyie hivyo: hiyo shildi yake hufungwa pande zote mbili kupitia viunganishi vyake.

Mluzi ulikwisha, bila filta yoyote.

Nilikuwa nimefika nyota tatu, kwa sababu waya ni mzuri na anayejua kulehemu ataurekebisha. Halafu nikaangalia waya za magneto za seti hiyohiyo. Zimefungwa sawasawa! Shildi imeshika kwenye mwili wa magneto, na upande wa pili inaishia kwenye swichi bila kugusa bodi. Kwa hiyo pale dukani kuna mtu anayejua, na bado wanauza jeki zile na kumpeleka mteja akanunue filta. Mtu anaruka na redio hii, anahitaji kusikia kibali cha kutua.

Nyota moja, na itabaki moja mpaka waanze kutia washa kwenye pakiti na waache kulehemu shildi kwenye jeki.